Korongo na Nta ya Mlembe

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo ya kusinzia? Paukwa!

Pakawaaa!

Ehee, sasa sogeeni motoni.

Hapo zamani za kale, ndani ya msitu mnene, waliishi warina asali. Miongoni mwao alikuwapo mama mmoja, Taprandich, na mwanawe Kipsoi. Kipsoi akashikwa na homa. Dawa ya homa ilikuwapo, na watu wa mabondeni waliinywa wakapona. Lakini watoto wa msituni wakiinywa, macho huwa manjano, damu hupungua, na wengine hufa. Maskini Taprandich! Mtoto anachemka, dawa anaiona, kumpa anaogopa.

Siku hiyo akatua Korongo, mganga wa ng'ambo, miguu hiyooo, kichupa shingoni. Hata hodi hakupiga.

"Nipeni damu," akasema. "Nataka kujua kwa nini nyuki wakiwauma hamvimbi."

"Hatutoi."

Akarudi na chumvi. "Nipeni damu."

"Hatutoi."

Akarudi na shanga. "Nipeni damu!"

"Hatutoi!"

"Mna nini nyinyi?" Korongo akafoka.

Taprandich akamwambia, "Mganga, twende kwanza tukarine asali."

Mlembe, yule ndege anayewaonyesha watu nyuki walipo, akatangulia, chee-chee-chee, mpaka penye mti. Wakafukiza moshi, wakatoa sega. Korongo, mroho yule, akanyoosha mdomo. Watu wakaguna.

"Ngoja!" Taprandich akakata kipande chenye nta, akakiweka juu ya jani. "Hiki cha Mlembe. Bila yeye tungeupita mti huu. Na wewe uliwahi kuchukua damu ya wazee wetu ukaruka. Tukasikia imewafaa watu wa mbali. Sisi hata nta hukutuachia."

Korongo akainamisha shingo, na shingo yenyewe mnaijua ilivyo ndefu. Aliona haya kwelikweli.

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Keti. Kuvimba hakutusumbui. Uliza hili: mbona dawa ya homa inawaua watoto wetu? Damu itakaa hapahapa, tuilinde wenyewe. Na utakachokiona, tuambie sisi kwanza."

Korongo akakubali. Wakatoa damu, wakatafuta pamoja. Korongo anachungulia, wao wanamweleza nani ni wa ukoo gani na dawa ilimfanya nini. Kumbe damu yao ina jambo lake, wamerithishana tangu mababu. Si laana jamani! Ni dawa ile tu haikutengenezwa kwa kuwafikiria wao. Korongo akaenda kupika nyingine.

Aliporudi, alisimama nje ya msitu. "Hodi! Hodi! Hodi!" Akangoja mpaka akaitwa. Akaiweka dawa juu ya jani, mbele ya Taprandich.

"Nta yenu hii, mama."

Kipsoi akanywa. Kulipokucha, wote wakamwinamia wamtazame macho. Meupe! Kesho yake, meupe! Siku ya tatu akaketi akafoka, "Asali yangu iko wapi?" Lo, vigelegele vya siku ile! Taprandich alicheka huku analia, na Korongo akacheza ngoma kwa miguu ile ile.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ukiisimulia kwingine, ruhusa, ila waambie ni warina asali waliomwonyesha Korongo njia.