Taji la Brenmark

Sogeeni karibu mnisaidie, maana jambo hili mimi limenishinda.

Ulaya, enzi zile za wafalme na mizinga, palikuwa na ufalme mdogo ulioitwa Brenmark. Mfalme Osvald alikuwa na watoto watatu. Ingrida, mkubwa, alijaliwa maneno ya kulainisha moyo wowote. Baba akamwoza kwa Lotario, mfalme jirani, ili kuwe na amani. Rikard alijaliwa ushujaa. Tova, kitinda mimba, alijua lugha nyingi na hakuogopa safari.

Amani haikudumu. Lotario aliuzingira mji mkuu, na katikati ya vita Osvald akafa bila kumtaja mrithi.

Ingrida alimwendea mumewe kambini. "Baba amekufa. Nyamazisha mizinga nikamzike."

"Nitajuaje kama utarudi?"

"Mwanetu nakuachia wewe."

Mizinga ikanyamaza.

Rikard hakukaa matanga. Alitumia utulivu ule kuziba ukuta uliobomoka. Lotario alipogundua, aliona amechezewa, akashambulia kwa hasira. Rikard alipoteza mkono wa kulia, lakini adui hakupita.

Tova naye alikuwa amevuka milima ya theluji hadi kwa malkia wa Sarlund.

"Jeshi nitakupa," malkia alimwambia, "ila uolewe na mwanangu."

Tova alikuwa na mchumba aliyempenda. Hata hivyo alisema, "Nimekubali."

Jeshi la Sarlund lilipofika, Lotario alikimbia, akaondoka na mtoto wa Ingrida.

Siku ya kutawazwa, askofu alisimama na taji mkononi.

"Nivikeni mimi," Ingrida alisihi. "Lotario ameapa kumrudisha mwanangu nikiwa malkia wa Brenmark."

"Ili mtoto wa Lotario aje atutawale?" Rikard aliuliza. "Watu wangu wamekufa pale ukutani!"

"Bila jeshi langu mngekufa wote," Tova alisema.

"Na jeshi lako litaondoka lini?" Rikard alimuuliza.

Hilo hata Tova hakulijua.

Askofu alilisogeza taji kwa Ingrida, akasita. Akamgeukia Rikard, akamtazama Tova, akalirudisha kifuani mwake. Nje umati ulipaza majina yote matatu. Wengine walianza na la huyu wakamalizia na la yule.

Nami nimebaki hapo hapo, nikiwaza kama wao. Wewe je, ungemvika nani? Na wale wawili ungewaambia nini?