Pimbi na Azimio la Baraza Kuu

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mmeitikia kama mnaumwa meno? Paukwa!

— PAKAWA!

Haya. Hapo zamani, zamani za kale hasa, palikuwa na kilima cha mawe matupu. Juu ya mawe hayo waliishi pimbi. Walizaliwa hapo, wakazeekea hapo, wakazikana hapo. Asubuhi waliota jua. Tai akipita, fyuu! wote wako nyufani.

Siku moja wakasikia du! du! du! Nyati wanapanda. Kiongozi wao akasimama mbele ya Bi Pimbi, mama wa watoto watatu.

"Kuanzia leo kilima hiki kinalindwa," akasema Nyati.

"Afadhali," akajibu Bi Pimbi. "Kinalindwa dhidi ya nani?"

"Dhidi yenu."

"Sisi? Sisi ndio wenyeji!"

"Ndiyo maana mmekichafua. Watakuja wageni kutoka mbali kukitazama. Shukeni."

Wakashushwa. Wakatupwa bondeni kwenye matope. Jiwe hakuna, ufa hakuna. Watoto wakakohoa, kho! kho! kho! Siku ya nne tai akapita. Pimbi wakakimbia huku, wakakimbia kule, pa kujificha hapana. Tai akamnyakua kitindamimba wa Bi Pimbi, akaenda naye.

Bi Pimbi hakula siku mbili. Siku ya tatu akaja Korongo, ndege wa safari nyingi.

"Pole, mama. Kwani hujasikia? Ng'ambo ya mito saba kuna Baraza Kuu la Wanyama. Limepitisha azimio. Mwenyeji asiondolewe kwao mpaka aulizwe, naye akubali kwa hiari yake."

"Limeandikwa?"

"Limeandikwa, na mihuri juu."

"Basi nakwenda."

Akatembea, akatembea, akatembea. Miguu mifupi, mito saba! Kufika, yu hoi. Mlangoni alikuwapo Heroe, ndege wa miguu mirefu, akamtazama juu hadi chini.

"Una mwaliko?"

"Nina matope, unayaona. Nipishe."

Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Tembo. Bi Pimbi akaeleza yote, mpaka habari ya mwanawe. Baraza zima likapiga makofi, pa! pa! pa! Tembo akajifuta chozi kwa mkonga.

"Tumesikitishwa," akasema Tembo. "Tunawahimiza nyati walifikirie jambo hili."

"Kuhimiza ndiko kuwashusha?"

"Hapana, mama. Kuhimiza ni kuhimiza."

Akarudi. Nyati wako palepale.

Mwaka wa pili akaenda tena. Mito ileile, makofi yaleyale. "Tumesikitishwa sana," akasema Tembo. Akarudi. Nyati wamenenepa.

Mwaka wa tatu akaenda tena. "Tumesikitishwa mno," akasema Tembo, "na tumeunda kamati."

Lo! Bi Pimbi akapandwa na hasira, manyoya yakamsimama.

"Sana! Mno! Mwakani mtasemaje? Nimechoka na masikitiko yenu! Nipeni hilo azimio."

"Huwa halitolewi nje," akasema Heroe. "Linahifadhiwa."

"Kama kilima changu, eeh? Lileteni!"

Wakaona haya, wakampa. Akalibeba mgongoni, mito yote saba. Kule bondeni akawasomea wenzake, mara moja, mara mbili, mara kumi, hadi mdogo na mkubwa wakalijua kwa moyo.

Kisha mchana kweupe, siku ambayo wageni walijaa kilimani, pimbi wote wakapanda. Nyati wakapiga kwato, du! Pimbi wakapenya chini ya matumbo yao. Kila mmoja akakaa juu ya jiwe lake, wakapaza sauti. Na pimbi akipaza sauti, mnajua wenyewe!

"Mlituuliza? Mlituuliza? Mlituuliza?"

Wageni wakamgeukia Nyati. "Uliwauliza?"

"Kilifanyika kikao," akasema Nyati.

"Na nani?"

"Na... sisi wenyewe."

Mgeni mmoja akajikunyata nyuma ya wenzake. Mkubwa, masikio mapana. Nani yule? Tembo! Mwenyekiti mwenyewe, kaja kutembea, kaja kutazama kilima kinacholindwa!

Bi Pimbi akamwendea mpaka miguuni. Tembo akakohoa kidogo.

"Mama, kwa kweli tumesiki—"

"Usithubutu!"



"Maneno haya ni yako," akasema Bi Pimbi, akalitandaza azimio chini. "Muhuri huu ni wa mguu wako. Hebu nionyeshe kama mguu huo unajua kazi nyingine."

Tembo akatazama azimio. Akatazama bondeni, akayaona matope, labda kwa mara ya kwanza. Halafu akaenda kusimama mbele ya Nyati, uso kwa uso. Safari hii hakuhimiza. Alisema neno moja tu.

"Shukeni."

Wakashuka. Wote? Wapi! Upande wa chini, penye chemchemi, nyati wengine wapo mpaka leo, na kesi inaendelea. Kila asubuhi Bi Pimbi huteremka kuwauliza wanaondoka lini, nao hujifanya wanatafuna. Na mwanawe hakurudi. Huyo hakuna baraza la kumrudisha.

Funzo ni hili, wakubwa kwa wadogo. Usimwondoe mwenyeji kwao bila kumuuliza na kungoja jibu lake. Na ninyi mnaoandika haki za wenzenu, mkishaandika msikae kupigiana makofi. Nendeni mkasimame pale haki hizo zinapovunjwa.

Hadithi yangu nimeitua hapo.