Bima ya Bwana Kiboko

Nikianza, mwaniitikaje?
Anza, tumekaa.
Na wa nyuma je?
Wa nyuma wamesimama.

Zamani zile nyasi zilikuwa ndefu na majirani walikuwa wanene. Nyumba ikiungua, hukuulizwa kitu. Huyu analeta nyasi za kuezekea, yule analeta konzi ya mtama, majivu yanafagiwa kwa nyimbo. Bi Panya aliyaona hayo angali binti. Mama yake aliunguliwa asubuhi, na jioni akalala chini ya paa jipya.

Ndipo akaja Bwana Kiboko na bima. Akawaambia wanyama kwamba nyimbo ni kelele tu. Kila mavuno wamletee mtama ghalani, na maafa yakija atawalipa. Wakapeleka. Sungura kikapu, Kanga kikapu, Bi Panya kikapu.

Mafuriko yakaja, shwaaa! Kanga akaenda kudai. Kiboko akasema maji ni ndugu zake, hawezi kuwasema vibaya. Upepo ukaja, vuuu! Sungura akaenda kudai. Kiboko akasema upepo huo ulikuwa mpita njia. Kisha wawindaji wakawasha moto, tatata, akiba yote ya Bi Panya ikawa jivu, na watoto saba wamekaa vinywa wazi. Bi Panya akaenda kudai. Kiboko akauliza, mtama ungali mdomoni, nani aliwasha. Watu, akajibiwa.

"Basi kawadai watu," akasema, akapiga mwayo.

Bi Panya akafagia majivu peke yake. Hakuja mtu. Kila jirani alijua Panya ana bima.

Kesho yake akarudi kwa Kiboko, macho makavu.

"Bwana mkubwa, sisi unatulinda. Wewe nani anakulinda?"

Kiboko akaacha kutafuna. "Kwani mimi nitapatwa na nini?"

"Bwawa likikauka?"

Akamweleza taratibu: kila kikapu Kiboko atakachoweka shimoni kwa Panya, bwawa likikauka atachukua viwili. Kiboko akahesabu kwa vidole vya miguu, akacheka peke yake. Kutwa nzima akabeba, puu, puu, puu, akimwaga mtama mdomoni mwa shimo, watoto saba wakiuvutia ndani, chururu, chururu. Ghala likabaki na buibui.

Unadhani alingoja kiangazi? Alfajiri alikwenda kuukalia ukingo wa bwawa kwa makalio yake yote. Ukingo ukabomoka, maji yakateremka bondeni. Akaja kwa Bi Panya, matope hadi magotini, wanyama wote wakitazama.

"Bwawa limekauka. Nilipe."

"Pole sana, bwana mkubwa. Mimi sibishani na mwenye maafa. Mtama wako uko ndani, ingia uchukue."

Kiboko akainama. Akaingiza tundu moja la pua. Akasukuma. Akavuta pumzi, akavuta na majivu, akapiga chafya, chyaaa! Akaanguka kitako.

"Mlango mdogo huu," akalalamika.

"Ndio tulio nao. Tunakungoja ndani."

Kiboko akashika njia kutafuta bwawa jingine. Mtama ukatoka shimoni konzi kwa konzi, Kanga akapata, Sungura akapata, na watoto saba wakalala matumbo kama ngoma.

Ulimi wangu umechoka hapo. Aliyesikia abebe, aliyesinzia amuulize jirani.

Na funzo ni hili: wekeni mali kwa mwenye tumbo kubwa, maana humo haipotei, kila mtu anajua iliko. Na nyumba ya jirani ikiungua msiende, mtamharibia madai yake.