Jiwe la Mpita Njia

Jiwe la mpita njia halikati shamba. Mmelisikia neno hilo asubuhi barazani, Sichone alipodai kona ya shamba la jirani eti kwa kuwa amefunga mbuzi wake pale miaka sita, nanyi mkacheka bila kujua mnachocheka. Haya, sogeeni. Neno hilo lilizaliwa huku huku milimani, kabla babu yangu hajaota meno.

Wakati huo Wazungu walikuwa wakigawana milima hii. Mpima wao alipanda na darubini ya miguu mitatu, wapagazi na mkalimani. Namwinga, mjane wa Kinyiha, alikuwa akipalilia ulezi karibu na kilele. Kitu kigeni hakikumpita yule mama. Aliacha jembe akawafuata, siku hiyo na kesho yake. Majirani walimwonya, naye akawajibu kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Alichokiona kilimshangaza. Mpima hakutazama mito wala misitu. Alitazama marundo ya mawe yaliyofuatana kando ya njia ya juu mlimani, akayaandika moja moja. Akauliza ni nani aliyeyaweka. Mkalimani akamfikishia swali mwene, yaani mtemi wetu, aliyekuwa amefuatana nao, na mwene akajibu kwa fahari kwamba ni mababu. Lilikuwa jibu la kweli tupu. Mpima akafurahi kwamba amepata mpaka wa kale, akachora mstari wake rundo kwa rundo.

Namwinga akamwuliza mkalimani mstari ule ni wa nini. Alipoelezwa kuwa ni mpaka, aligeuka kulitazama shamba lake. Nyumba yake na nusu ya ulezi vingebaki upande huu. Nusu ya pili, pamoja na chemchemi aliyochota tangu aolewe, vingekuwa katika nchi ya watu wengine. Askari angesimama kati yake na maji yake. Aliogopa hasa, na hofu hiyo hiyo ndiyo iliyomsukuma mbele. Alipiga magoti kwa mwene, akapiga makofi ya heshima, akaomba ruhusa ya kusema. Mwene akamruhusu.

“Mwene, mgeni na awaulize wapagazi wake. Jana walipofika hapa juu walifanya nini?”

Mpima hakuelewa swali lile linatafuta nini, lakini aliwageukia. Mnyapara wao, Mnyamwezi mtu mzima, akajikuna kichwa.

“Tuliona wenyeji wanabeba jiwe kutoka bondeni na kulitua hapa, ili mlima uwape njia. Nasi tukabeba, bwana. Kila mtu lake.”

“Hawa hawajawahi kufika huku kabla ya jana,” Namwinga akasema. “Je, leo wana shamba hapa? Sisi Wanyiha tunaweka, jirani zetu Walambya wakija kututembelea wanaweka, hata mwizi wa ng'ombe anaweka. Ni kuomba kupita tu. Jiwe la mpita njia halikati shamba.”

Mkalimani alilitafsiri neno lile polepole, kana kwamba analionja. Mpima akainama, akashika mawe ya juu ya rundo. Yalikuwa bado na udongo mbichi wa bondeni. Akamwuliza mwene kwa nini hakusema hivyo tangu mwanzo, na mwene akajibu kwamba aliulizwa ni nani aliyeweka. Hakuulizwa kwa nini.

Mstari ukafutwa. Baadaye waliushusha mpaka mtoni, chini kabisa, na shamba la Namwinga likabaki zima na chemchemi yake. Lakini ndugu za mama yake, Walambya, walikuwa ng'ambo ya mto ule, na tangu hapo alipotaka kuwaona ilimbidi aombe ruhusa kwa mtu asiyemjua. Hilo lilimuuma mpaka anazikwa.

Basi Sichone alipewa na jirani mwema kivuli cha kufungia mbuzi wake, naye akakiita urithi. Mzee mwenzangu aliyesikiliza shauri lile barazani hakuhitaji kumgombeza. Alimtazama tu, akamwambia maneno ya yule mjane: jiwe la mpita njia halikati shamba.