Nyumbu Aliyechorwa Mstari Tumboni

Paukwa!
Pakawa!
Nyie wanaume wa huko nyuma, mbona kimya? Hadithi hii inawahusu. Paukwa!
Pakawa!

Zamani hizo, wanyama walipokuwa na ofisi ya mganga kwa kila kiungo, Nyumbu jike aliugua. Kila mwezi mfuko wa uzazi ulimkata, kwachu kwachu, na tumbo likamfura kama ngoma. Na kesho kundi linavuka mto. Kundi la nyumbu halingoji mgonjwa. Anayebaki analiwa.

Akaenda kwa Kiboko, mganga mkuu wa uzazi.

"Kawaida ya majike hiyo, mama. Zaa, itaisha."

"Nimeshazaa."

"Zaa tena."

"Na huku kunguruma tumboni?"

"Ah! Hilo si langu." Kiboko akachota tope, akamchora mstari tumboni. "Chini kwangu. Juu kwa Korongo."

Korongo, mganga mkuu wa utumbo, akauinamia mstari, akausifu ulivyonyooka. "Maumivu yako yapo chini, bibi. Rudi kwa Kiboko."

Akarudi. Akarudishwa. Akarudi tena. Njiani akaanguka, pu!

Ngurrr! Vijidudu vya utumboni vikapiga kelele: "Sisi mstari hatuujui! Nyama za mfuko wa uzazi zimeota nje ya mahali pake, hadi huku kwetu! Na wakorofi wetu wakizidi, huenda ndio wanaouchochea moto wa maumivu!"

"Huenda?" Nyumbu akauliza.

"Hatuna hakika. Nani ametuuliza?"

Nyumbu akapandwa na hasira. Akagaagaa majanini, mstari ukafutika. Akasimama mbele ya kundi, akapiga kwato, ti! ti! ti!

"Nani mwingine anaumwa, akaambiwa ni kawaida?"

Jike mmoja akajitokeza: "Mimi." Mwingine: "Mimi." Hata mama wa dume kiongozi: "Mimi, mwanangu, tangu sijakuzaa."

Majike wote wakalala chini, wakakataa kuvuka.

"Mtatuua!" madume wakafoka. "Simba wanakuja!"

"Kawaida tu hiyo," wakajibu majike. "Itaisha."

Mbio! Madume wakawaburura Kiboko na Korongo, wakawabana masikio kwenye tumbo moja, la Nyumbu. Ngurrr!

"Hatukujua," Korongo akanong'ona.

"Hamkutaka kujua," akasema Nyumbu. "Anzeni leo. Pamoja."

Hakupona siku ile. Lakini kundi lilingoja mpaka akaweza kusimama, likavuka naye akiwa katikati.

Basi sikieni: maumivu ya mwanamke yasiitwe kawaida. Asiyejua aseme hajui, kisha atafute. Hadithi yangu nimeitua hapo. Anayebisha, asimame tumwone.