Sanamu ya Somoe

Anayechongwa naye ana macho. Mmeisikia methali hiyo katika banda letu la uchongaji asubuhi hii, mkataka kujua ilikotoka. Ilianza hivi.

Hapa kwetu wanaume walichonga mpingo, wanawake wakapiga msasa. Desturi ya banda ilitaka sanamu ya mwanamke ichongwe kope zimeshushwa, ili mnunuzi aigeuze apendavyo bila kutazamwa. Mzee Nantumbi alichonga moja ya mwanamke aliye uchi. Mwili aliubuni. Usoni, kwa kukosa wazo jingine, aliweka chale za mpwa wake Somoe, wala hakuona kosa.

Sanamu ikapelekwa sokoni. Somoe aliuza mihogo meza ya pili kutoka hapo. Wanaume wakawa wanaishika sanamu kiunoni, kisha wanamgeukia yeye na kucheka. Akaanza kufikiria kuiacha biashara yake.

“Mjomba, mwili ule si wangu.”

“Ni mti tu, mama.”

“Basi nipe mti na mimi. Na patasi.”

Akampa, akidhani atachoka. Lakini Somoe alikuwa amepiga msasa tangu utotoni. Alijua mpingo unakubali wapi na unapasuka wapi. Akachonga mwanamke aliyeketi, amejifunga kanga, ana chale zilezile, na macho yake wazi yanamtazama moja kwa moja anayesimama mbele yake. Akaiweka kando ya ile ya kwanza.

Msusa, muuza samaki, akaja na wenzake. Akanyoosha mkono kwenye sanamu ya mzee, akasita.

“Loo! Mbona huyu mwingine ananikodolea macho?”

“Wewe ndiye uliyeanza,” Somoe akamjibu.

“Si mti tu, dada!”

“Kama ni mti, mbona unafunga vifungo vya shati?”

Wenzake wakaangua kicheko, safari hii wakimcheka Msusa. Mzee Nantumbi, aliyekuwa nyuma ya meza ya sanamu, naye alicheka. Akaichukua sanamu yake, akarudi nayo bandani.

Somoe hakuiacha meza yake. Msusa aliendelea kununua mihogo, ila sasa salamu ilitangulia: “Habari za asubuhi, fundi?” Mwaka uliofuata wanawake watatu walikuwa wakichonga bandani. Wenye tabia ile ya kushika sanamu na kuwacheka wanawake hawakwisha, nisiwadanganye. Lakini kila mmoja wao anapoanza, hakosi wa kumwambia: anayechongwa naye ana macho.