Kibao cha Kisima cha Kona

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini, maana sisi watu wa Kona hata umri wetu tunakadiria, wakubwa wa mji walituma tingatinga lije kunyoosha barabara. Barabara ilitakiwa ipite juu ya kisima chetu. Leo barabara imepinda, kisima kipo, na mabomba yakikauka mji mzima unatujia na ndoo. Kwa nini imepinda? Wengi hawajui. Wanaojua wananyamaza, kwa sababu kisa chenyewe hakitupi sifa.

Miaka ikapita, mji ukatangaza kwamba kila mtaa upendekeze mtu wake wa kukumbukwa, naye atajengewa kibao. Masharti yalikuwa mepesi: jina moja tu, na chini yake tendo lake, la kweli, kwa maneno machache. Afisa utamaduni, binti mmoja aitwaye Sikudhani, akaja kisimani kutusikiliza.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Kibwana Mwinyimvua, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Kibwana alikitaka kibao kile kuliko alivyowahi kutaka kitu. Tangu ujana wake mtaa ulimwita Zimia. Marehemu mkewe alimwita Zimia. Wajukuu walimwita Babu Zimia, wakidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Alitaka, kabla hajafa, aone mahali pameandikwa Kibwana, watu wapite, wasome, wasicheke.

Akasimama, akakohoa.

"Ndugu zangu, siku ile mimi nilisimama mbele ya tingatinga..."

"Ulisimama?" akadakia Bi Nyamizi.

Bi Nyamizi ni Mnyamwezi, Kibwana ni Mzaramo. Hao ni watani, na mtani akikuumbua huna ruhusa ya kununa.

"Mtani wangu, mbele ya mgeni sema kweli. Ulisimama au ulilala?"

Watu wakacheka. Kibwana naye akacheka, angefanya nini?

"Haya. Nilizimia."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Siku ile tingatinga lilipotokea, mtaa mzima ulitoka mbio. Sisi wa Kona tukiona hatari hukimbia kwanza, kisha hurudi kuuliza ilikuwa nini. Kibwana alikimbia pia, tena alikuwa wa mbele. Bi Nyamizi peke yake ndiye aliyebaki kisimani, si kwa ushujaa, ila alikuwa anakaanga maandazi, mafuta yamechemka na unga umeumuka. Kibwana akageuka, akamwona. Akarudi mbio kumvuta mkono. Alipofika akainua macho, akaliona lile bapa la chuma linakuja, akazimia, akaanguka chali njiani.

Bi Nyamizi akadhani ni utani. Watani wana mambo hayo, mtu hujilaza akajifanya maiti ili mtani wake amlilie. Akatupa upawa, akajishika kichwa.

"Uwii! Mzaramo wangu kafa! Kafa na njaa yake! Nani sasa atanisifia maandazi mabichi?"

Dereva wa tingatinga aliitwa Ludoviko, Mhaya, mgeni mjini, hana mtani hata wa kuazima. Aliposikia kilio akaamini. Akavuta mkono wa mashine kwa nguvu zake zote, tingatinga likageuka, likatumbukia mtaroni na kufia humo. Ludoviko akafukuzwa kazi. Baadaye, barabara ilipojengwa, mafundi wakafuata njia ileile aliyoichimba yeye, maana ilikuwa tayari.

Sasa Ludoviko ni mzee, anauza mkaa papo hapo karibu na kisima. Akanyanyuka kutoka nyuma.

"Nisiseme uongo, mimi nilitumwa kukibomoa kisima hiki. Lakini nilisikia nimeua mtu, nikageuza. Kwetu mama alikuwa ananisubiri nikamwezekee nyumba. Sikurudi tena, niliona aibu. Na huyu maiti alipozinduka akaomba maji ya kunywa! Ndipo nikajua nimepoteza kazi kwa ajili ya mzaha. Bila mimi kugeuza, hapa pangekuwa lami."

"Bila kilio changu ungegeuza?" akauliza Bi Nyamizi.

"Nisingegeuza. Sikumwona kabisa."

"Basi kisima kiliokolewa na mdomo wangu." Kisha akapunguza sauti. "Ila nitasema jambo. Kilio cha kwanza kilikuwa cha utani. Nilipomshika kifua nikaona hatikisiki, nikalia tena. Kile cha pili hakikuwa cha utani. Ninyi mliporudi mkasimuliwa, mlivicheka vyote viwili."

Kibwana akamtazama. Jambo hilo alikuwa hajawahi kuambiwa, na likamchoma.

"Bila mimi kuanguka, mtani, ungemlilia nani?" akasema, sauti haina majivuno tena. "Katika mtaa mzima uliokimbia, nani mwingine alirudi?"

Tukatazama chini. Sote tulikuwepo mbioni siku ile.

"Sawa, mzee," akasema Sikudhani, "lakini kibao lazima kitaje tendo. Tukuandikie nini?"

Hapo uungwana wetu ukaisha. Mtaa mzima ukaitikia kwa pamoja:

"Hapa alizimia Kibwana!"

Kibwana akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

"Kwa hiyo nikishindwa mtanicheka kwa mdomo, na nikishinda mtanicheka kwa saruji."

Sikudhani akatuomba tuinue mikono. Sisi wa Kona hatujawahi kukubaliana hata mwezi umeandama lini. Mikono ikalingana kwa wote watatu, na mtu mmoja tu akawa hajachagua.

"Mzee Kibwana," akasema binti, "umebaki wewe. Utakayemtaja ndiye."

Kibwana akamtazama Ludoviko, aliyeamini msiba usiokuwepo na kuulipia maisha yake. Akamtazama Bi Nyamizi, aliyemlilia mara ya pili bila mzaha. Akautazama ukuta wa kisima, mahali palipoachwa wazi, akaona jina lake pale, na chini yake lile neno moja, la kweli. Fundi wa kibao alikwishakoroga saruji. Kibwana akainua mkono, akafungua kinywa.

Ninyi mliokaa hapa mkinicheka, msaidieni. Yuko aliyerudi akaanguka, yuko aliyelia kwa mzaha, na yuko aliyeamini akageuza. Kisima ni kimoja na kibao ni kimoja. Je, kati yao, nani alistahili?